Kamera ya joto na ashiki: inapima damu, haipimi ridhaa

Mwaka 2007 Tuuli Kukkonen na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walitaka kupima ashiki (msisimko wa ngono), ambayo hujaza damu na kupandisha joto, wakaelekeza kamera inayosoma joto la ngozi kwenye sehemu za siri za wanaume 28 na wanawake 30 waliokuwa wakitazama filamu. Waliotazama ngono walipanda joto kuliko waliotazama vichekesho. Wanaume walifika kileleni mwa joto kwa wastani wa sekunde 664.6, wanawake 743, na kitakwimu tofauti hiyo haikuwa na uzito.

Hapo ndipo nguvu ya kamera ilipo: jinsia zote mbili hupimwa kwa nyuzi zilezile za Selsiasi. Vifaa vingine hupima kila jinsia kwa namna yake: ukanda unaovishwa uume hupima mzingo wake. Kifaa kinachoingizwa ukeni hupima mwanga unaorudishwa na tishu, hakina sifuri ya kudumu, na mtu akijisogeza kidogo namba zinavurugika. Kamera haimgusi mtu. Hata hivyo lazima avue, kwa sababu nguo huzuia mionzi ya infraredi, na kuketi uchi mbele ya lenzi si jambo dogo.

Kazi yenyewe inadai nidhamu. Joto la chumba lisibadilike, na mshiriki atulie kama dakika 15 kabla ya kipimo cha msingi. Kwenye kamera, uwezo wa ngozi kutoa mionzi huwekwa 0.98. Kamera nyingi hutambua badiliko dogo la nyuzi 0.05, lakini usomaji wenyewe unaweza kukosea kwa nyuzi 2 juu au chini. Kwa hiyo fuata badiliko kutoka kipimo cha msingi, na weka kwenye picha kitu chenye joto linalojulikana, ili kamera ikiyumba uione. Nywele huficha ngozi, jasho huipoza, mapaja yakibanana hupashana joto. Tena ngozi hupoa polepole: ukiharakisha filamu ya pili, utapima mabaki ya filamu ya kwanza.

Pingamizi zito zaidi ni la maana. Joto ni damu iliyojaa kwenye mishipa. Uchambuzi wa tafiti nyingi wa Meredith Chivers na wenzake, 2010, ulikuta uwiano kati ya mwitikio wa viungo na maelezo ya mtu mwenyewe ni 0.66 kwa wanaume, 0.26 tu kwa wanawake (1 ni kulingana kikamilifu). Kamera ya McGill ilionyesha uwiano mzuri kuliko huo wa 0.26 kwa wanawake, nami naona hiyo ni sababu tosha ya kuendelea nayo maabara na kliniki. Mahakamani, hapana. Mwili huweza kuitikia hata mtu anapobakwa, na picha yenye rangi nyekundu haiwezi kusema kama alikubali.