Bwana h

Naomba niseme mapema, nisije nikahukumiwa kabla sijajitetea: kidole changu kilibofya mara moja. Mara moja tu. Ile ya pili ilikuwa ya mausi ya kompyuta yenyewe, mimi simo.

Nina kibanda cha kuchapa na kufotokopi hapa Arua, upande wa soko. Kompyuta moja, printa moja, na mpwa wangu mmoja ambaye kazi yake ni kukata karatasi na kula chapati juu ya hizo karatasi. Tunachapa barua za kuomba kazi, fomu za shule, risiti, matangazo ya msiba, na msimu ukifika, kadi za harusi. Wateja wengine wanashuka kutoka Koboko na Yumbe, wengine wanavuka kutoka Ariwara upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili ndicho kinachotulisha.

Mausi yetu ni ya waya, nyeusi, kitufe cha kushoto kimeng'aa kwa jasho la kidole changu kama kizingiti cha msikiti. Vituko vilianza kama mwezi mmoja kabla ya mkasa. Nikibofya folda mara moja ili niichague tu, inafunguka. Nikifunga dirisha moja kwenye ile alama ya X, na la nyuma yake linafungwa, kazi ya mtu nimeishika mkononi naiona inakwenda. Nikiburuta picha, inadondoka katikati ya safari kama mzigo wa boda.

Kibaya zaidi kilikuwa idadi ya nakala. Pale kwenye kuchapisha kuna kamshale kadogo ka kuongezea: moja, mbili, tatu. Kwangu kalikuwa kanaruka: moja, tatu, tano. Mteja akija anataka nakala mbili naona aibu kumwambia kwamba mbili hatuna, tuna moja au tatu. Mpwa wangu akajifunza kuwabembeleza: "Chukua tatu, mama, ya tatu utaweka akiba." Mapato yalipanda kidogo mwezi ule, siwezi kudanganya.

Nilitibu kwa kubahatisha. Nikasema ni virusi, nikasafisha kompyuta nzima, nikakuta virusi kweli, nikavifuta, mausi ikaendelea vilevile. Nikachomoa waya kwenye tundu la mbele nikachomeka la nyuma. Nikaipangusa tumbo, nikapuliza. Mzee wa cherehani wa kibanda cha pili akatoa kichupa chake cha mafuta akasema tone moja tu, mwanangu, hata mashine yangu ikigoma ndiyo dawa yake. Nilimshukuru nikaificha mausi chini ya meza mpaka aliporudi kwake.

Nikaingia hata kwenye mipangilio ya Windows, kuna mahali pa kasi ya kubofya mara mbili. Kawaida kompyuta inahesabu mibofyo miwili kuwa jozi ikiwa imefuatana ndani ya nusu sekunde, na unaweza kupunguza muda huo. Nikausogeza mpaka mwisho. Kuusogeza kwenyewe kulinichukua dakika kumi maana mausi ilikuwa inauachia njiani. Haikusaidia kitu.

Basi, Hajati.

Hajati alikuja Alhamisi jioni kufuata kadi za nikaha ya binti yake. Kadi arobaini, karatasi ngumu yenye ukingo wa dhahabu, karatasi ya bei ambayo ukiiharibu unasikia maumivu tumboni. Nilishaandika kila kitu. Umeme ukawa umekatika, tunafanya kazi kwa UPS, kile kisanduku cha betri, na ile UPS inalia pii, pii, pii kama mtoto anayetaka kubebwa. Hajati hakuja na miwani, kwa hiyo mpwa wangu akamsomea kadi kwenye skrini. Mahali, sawa. Tarehe, sawa. Jina la binti, sawa.

"Na bwana harusi nisomee herufi moja moja," akasema Hajati.

"R, a, m, a, d, a, n."

"Simama hapo hapo. H iko wapi?"

"Hajati, wengine wanaandika bila h..."

"Mkwe wangu ana h. Baba yake aliilipia h hiyo mpaka kwenye pasipoti. Weka h."

Kumbuka mimi nachapa kwa vidole viwili na macho yangu huwa kwenye kibodi. Nikapeleka mshale katikati ya d na a, nikabofya, mara moja, nikainamisha uso nikatafuta h, nikaigonga. UPS, pii, pii.

Anayejua kompyuta ameshaelewa. Ukibofya neno mara moja, unapata nafasi ya kuandika ndani yake. Ukilibofya mara mbili, neno zima linavaa rangi, limechaguliwa, na herufi yoyote utakayoigonga baada ya hapo inalifuta lote na kukaa mahali pake.

"H iko?" akauliza Hajati.

Nikatupa jicho. Nikaiona h. "Iko, Hajati."

Na kweli ilikuwepo. Ilikuwepo peke yake.

Nikaweka idadi: moja, tatu, tano, mpaka thelathini na tisa, kisha arobaini na moja. Arobaini haikuwahi kuzaliwa katika dunia ya mausi ile. Nikasema hewala, moja ya ziada nitailipa mwenyewe. Printa ikatema, UPS ikafa sekunde ile ya mwisho, sote tukasema alhamdulillahi. Hajati akapapasa karatasi, akasifu unene wake, akalipa, akaondoka na arobaini. Ile ya arobaini na moja ikabaki kaunta, mpwa wangu akaiwekea chapati juu.

Ijumaa baada ya Isha simu ikalia.

"Mwanangu."

"Naam, Hajati. Asalaam aleikum."

Hakuitikia. Hapo nikajua kuna kitu, maana Hajati huitikia hata salamu ya redioni.

"H ni nani?"

"H gani, Hajati?"

"Hii iliyoandikwa hapa kwamba inamwoa binti yangu. 'Bwana h.' Na ndogo, hata kubwa hukumpa."

Kadi zilishafika Koboko. Zilishafika Yumbe. Moja ilishavuka mpaka na pikipiki ya kwenda Ariwara. Na sasa nisikilize vizuri, maana shida haikuwa kukosea jina, watu hukosewa majina kila siku. Shida ilikuwa kwamba kabla ya Ramadhan kulikuwa na Haruna. Haruna wa spea za malori. Alipeleka posa nyumba ile mwaka juzi, ikarudishwa kwa heshima zote, na hakuna mtu sokoni asiyejua habari hiyo. Kwa hiyo kadi iliposema "Bwana h", mji mzima ukajazia herufi zilizobaki. Ilipofika saa tatu usiku, upande wa bwana harusi walishaambiwa mahari yao inatafutiwa namna ya kurudishwa.

Jumamosi asubuhi sijafungua hata kufuli, Ramadhan yuko mlangoni, na ami yake, boda zote mbili zimesimama na injini zinanguruma. Ami amevaa koti.

"Tunataka kujua," akasema ami, taratibu, "umelipwa na nani."

Nikasema hakuna aliyenilipa, ni mausi. Ami akanitazama vile unavyomtazama mtu aliyekuambia mbuzi ndiye aliyekula ada ya shule. Nikasema ingieni, nitawaonyesha kwa macho yenu. Nikawasha kompyuta, nikafungua kadi, nikaandika upya Ramadan bila h kwa ajili ya ushahidi, nikapeleka mshale pale pale, nikabofya.

Mshale ukakaa katikati ya d na a, umetulia, mpole, kama bi harusi siku ya kutolewa.

Nikabofya tena. Safi. Nikabofya mara kumi, nikahesabu kwa sauti, na mara zote kumi mausi ile ilifanya kazi kama imetoka dukani leo. Wenye magari wanalijua jambo hili: gari linakohoa wiki nzima, ukilifikisha gereji linaimba. Jasho likanitoka. Ami akaanza kufungua vifungo vya koti.

"Niachie mimi," akasema Ramadhan. Kijana mpole, anafundisha shule ya msingi, ndiyo kwanza nilisikia sauti yake. Akaketi kwenye kiti changu. Akapeleka mshale kwenye jina lake, akabofya mara moja, akatafuta h, akaigonga.

Akapotea.

Kibanda kizima kikanyamaza. Kwenye skrini: Bwana h. Ramadhan alikuwa amejifuta mwenyewe, kwa kidole chake mwenyewe, mbele ya ami yake. Alikitazama kile kidole kwa muda. Kisha mabega yakaanza kumtetemeka, nikadhani analia, kumbe anacheka, na ami naye akafunga vifungo vya koti.

"Lakini siondoki hapa," Ramadhan akasema akipangusa macho, "mpaka jina langu lirudi."

Kelele zilimleta Fundi, yule wa simu wa kibanda cha mbele. Nilikuwa simwiti kwa sababu Fundi hawezi kukutengenezea kitu bila kukusomesha kwanza. Swali lake la kwanza likanivunja nguvu: "Umeijaribu kwenye kompyuta nyingine?" Mwezi mzima, sikuwa nimefikiria hilo. Ukiihamisha mausi na ugonjwa ukahama nayo, mgonjwa ni mausi. Ugonjwa ukibaki, mgonjwa ni kompyuta. Tukaenda wote wanne kwa jirani anayejazia watu filamu kwenye flashi. Fundi akabofya filamu moja ili aichague tu. Ikafunguka, sauti juu, spika ziko nje, mtaa mzima ukapigiwa vita vya Kichina vilivyotafsiriwa Kiluganda saa mbili asubuhi. Uchunguzi ukawa umekamilika.

Kuifungua ikawa kazi nyingine. Niliigeuza nikasema haina skrubu. Fundi akabandua ile karatasi ya namba iliyogandishwa tumboni, na chini yake skrubu imejificha, moja tu. Ndani kulikuwa na makombo ya chapati ambayo mpwa wangu aliyakana. Lakini Fundi akasema si makombo. Chini ya kila kitufe kuna swichi ndogo kama punje ya mahindi, na ndani ya swichi kuna kibati chembamba chenye spiringi. Ukibonyeza, kibati kinaruka kinagusa. Kikizeeka na kushika kutu hakigusi kikatulia, kinadunda, kinagusa na kuachia na kugusa tena kwa muda mfupi sana, sehemu ndogo ya sekunde, na kompyuta inahesabu kila mguso. Ndiyo maana kusogeza kasi kwenye mipangilio hakukufaa: hata muda mfupi kabisa unaoruhusiwa pale bado ni mrefu mara nyingi kuliko kudunda kule.

Hapo ndipo somo lingeisha kwa mtu wa kawaida. Fundi akaendelea kwamba mausi ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1964, kasha la mbao, kitufe kimoja, na Douglas Engelbart akaionyesha hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968. Ami akauliza kama huyo Engelbart alichapa kadi za harusi. Fundi akasema hapana. Ami akasema basi tuendelee.

Swichi mpya hatukuwa nayo. Fundi akasema kitufe cha kulia hubonyezwa mara chache, swichi yake bado kijana, na ni ya aina ileile. Akawasha chuma chake cha kuyeyushia risasi, Ramadhan akamshikia tochi ya simu, akang'oa ya kulia akaipanda kushoto, na ile iliyozeeka akaipeleka kulia ikapumzike. Mpaka leo nikibofya kulia menyu inashtuka mara mbili, lakini kulia hakuna jina la mtu.

Nikachapa kadi upya kwa hasara yangu. Nilipofika kwenye idadi mkono ukaanza kutafuta kamshale, Ramadhan akanyoosha kidole kwenye kibodi akaandika 4, akaandika 0. Nikajifanya nakohoa. Mwezi mzima nimekuwa nikiuzia watu nakala za tatu, na namba zinaandikika.

Kabla ya printa kunguruma ami alisoma kadi kwa sauti, neno kwa neno, kisha akasoma kinyumenyume.

Nikaha ilifungwa, na mimi nilialikwa, nadhani ili nionekane. Nimekaa na sahani yangu ya pilau, nikaona mlangoni kumesimama mtu kwenye kanzu mpya, imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Haruna. Mkononi ameshika kadi yenye ukingo wa dhahabu, na kwenye kona ya kadi, hata kwa mbali niliona, kuna duara la mafuta ukubwa wa chapati. Nikageuka kumtafuta mpwa wangu, hayupo, ameshatoka kwa mlango wa jikoni.

"Nimealikwa," akasema Haruna.

Watu wakakaa kimya. Hajati akainuka, akaja taratibu, akaipokea kadi. Safari hii alikuwa na miwani. Akaisoma yote, kuanzia bismillahi mpaka mwisho, akamrudishia.

"Ni kweli," akasema. "Jina lake limo. Mpeni sahani."