Mahroussa haikuwahi kuwa ya wananchi

Mjomba wangu katuma kwenye kundi la familia picha ya Mahroussa, ile meli ya anasa ya watawala wa Misri, akaandika: "Waafrika tulikuwa na hela zetu!" Watu wakamwaga mioyo na makofi. Shikamoo mjomba, lakini hela zipi?

Ismail, mtawala wa Misri, aliiagiza kwa Samuda, waunda meli wa London, ikashushwa majini mwaka 1865: meli ya mvuke yenye magurudumu ya kupiga maji ubavuni. Mwaka 1869 akafungua Mfereji wa Suez kwa karamu ya kufuru, wafalme wa Ulaya wanakula, na mkopo ndio unaolipa. Alikopa Paris, akakopa London, akakopa ili alipe alichokopa. Mfereji wenyewe ulianza kuchimbwa na wakulima waliolazimishwa, halafu mwaka 1875 akaiuzia Uingereza hisa za Misri kwa takriban pauni milioni 4. Hazikutosha. Mwaka uliofuata malipo yakasimama, wadai wakatuma watu wao kukalia mapato ya nchi, na fellahi, yaani mkulima wa kawaida, kule Delta ya Nile akazidi kukamuliwa kodi. Juni 1879 Sultani wa Istanbul, aliyekuwa bosi wa watawala wa Misri, akapeleka simu ya maandishi iliyoandikwa "Khedive wa zamani" (Khedive ndicho kilikuwa cheo cha Ismail; yaani mtu anasoma anwani tu, anajua kazi imekwisha). Bwana mkubwa akapanda Mahroussa yake, huyoo Naples, Italia. Deni halikupanda naye. Mwaka 1882 jeshi la Uingereza likaingia.

Mfalme Farouk naye, aliyepinduliwa na jeshi, 26 Julai 1952, Alexandria: mizinga 21, familia, masanduku, meli ileile, Italia ileile. Jenerali Naguib, kiongozi wa mapinduzi, alichelewa, ikabidi amfuate melini kwa boti kumuaga. Mapinduzi yenye adabu!

Basi wanajeshi wakairithi, wakaiita El Horreya, yaani Uhuru. Mwaka 2000 ikarudishiwa jina la zamani. Haya, nakiri shingo upande: jeshi la majini limeitunza vizuri ajabu, na bado inaelea. Ila Agosti 2015 aliyesimama juu yake kufungua tawi jipya la mfereji alikuwa Rais Sisi, na fedha za kuchimba, pauni za Misri bilioni 64, zilitoka kwa wananchi walionunua vyeti vya uwekezaji. Wengi wao walitazama sherehe kwenye televisheni.

Kama ni mali ya umma, ifungwe gatini Alexandria, tiketi iwe bei ya mkate wa ful (maharage), na fellahi aingie na viatu vyake hadi chumba cha kulala cha Farouk.