Tundu dogo la gego si kazi iliyoachwa nusu

Mgonjwa aliyezibwa gego kwa kompositi, ile dawa nyeupe inayokaushwa kwa taa ya bluu, mara nyingi hutoka na shaka: mbona daktari hakuchonga sana? Shaka hiyo haiko kwa wagonjwa peke yao. Wapo madaktari na matabibu wa meno waliofundwa enzi za amalgamu, ile dawa ya chuma ya rangi ya fedha, ambao wakiona tundu dogo, lenye sakafu isiyo bapa na kuta zisizonyooka, husema aliyechonga hakumaliza kazi. Lawama hiyo ina hoja ndani yake. Kosa lake ni kulipima tundu la kompositi kwa kanuni zilizotungwa kwa ajili ya chuma.

Kanuni hizo ni za Greene Vardiman Black, daktari wa meno Mmarekani aliyefariki mwaka 1915. Amalgamu, ambayo nusu yake hivi ni zebaki, haishikani na jino. Inakaa kwa sababu tundu linaibana: chini pana kuliko mdomoni, sakafu bapa, kina cha milimita 1.5 hadi 2 ili isivunjike mtu anapotafuna. Black alitaka pia tundu lipanuliwe lifuate mifereji ya gego hata pale palipo pazima, na kingo zake zifike mahali panaposafishika, ili uozo usipate pa kuanzia tena. Kwa zama zisizo na dawa ya meno yenye floraidi, ulikuwa ushauri wa busara. Gharama yake ilikuwa sehemu nzima ya jino, iliyokatwa ili chuma kipate nafasi.

Mwaka 1955 mtafiti wa meno Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli, gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki hushikana na plastiki, kwa kuwa asidi huacha vinyweleo vidogo sana ambamo plastiki hupenya na kukauka. Huo ndio msingi wa kompositi ya leo. Kinachoishika ni uso wa jino wenyewe, kwa hiyo umbo la tundu halina tena kazi ya kubana. Hakuna sababu ya kutafuta kina cha milimita 2 kama uozo umeishia milimita moja. Hakuna sababu ya kukata mfereji mzima. Huo unazibwa juu kwa plastiki laini bila kuguswa na mashine. Pembe za ndani zinaachwa za mviringo, kwa sababu pembe kali hukusanya mkazo na kompositi haiingii humo vizuri. Ukingo wa juu, upande wa kutafunia, hauchongwi kwa mshazari, maana kompositi ikilazwa nyembamba pale hupasuka mapema.

Basi daktari anachonga nini? Anachonga njia ya kuufikia uozo, na kisha anahangaika na kingo. Sehemu hii wanaolaumu hawaioni, kwa sababu haionekani kwa ukubwa wa tundu. Mpaka wa enameli na dentini, yaani tabaka la jino lililo chini ya enameli, kuzunguka tundu lote, lazima usafishwe hadi dentini iwe ngumu. Enameli iliyobaki hewani bila dentini chini yake, hasa kati ya jino na jino, inaondolewa kwa patasi ya mkono. Jino la jirani linakingwa kwa kipande cha chuma na kabari, kwa kuwa ni rahisi mno kulikwaruza na kulianzishia tundu lake. Tundu dogo linaweza kula muda mrefu kuliko lile kubwa la amalgamu, na anayeliita kazi ya haraka labda hajawahi kulichonga.

Mwaka 1989 mtafiti Reeh na wenzake walipima jinsi magego madogo yaliyokwisha kung'olewa yanavyopoteza ugumu kadiri yanavyochongwa. Tundu la juu peke yake lilipunguza ugumu kwa asilimia 20. Tundu lililokata kingo zote mbili za pembeni, mbele na nyuma, lilipunguza kwa asilimia 63. Zile kingo mbili ndizo zinazolifunga gego lisifunguke linapotafuna. Ukizikata ili kijazo kikae vizuri, umelidhoofisha jino ulilokuja kulitengeneza.

Hoja nzito ya upande wa pili ni namba, nazo ni namba za kweli. Katika utafiti wa Lisbon, Ureno, uliochapishwa mwaka 2007, ambao watoto walianza wakiwa na umri wa miaka 8 hadi 12, vijazo vya amalgamu vilivyodumu hadi mwaka wa saba vilikuwa asilimia 94.4. Vya kompositi vilikuwa asilimia 85.5. Hatari ya kijazo kushindwa kwa sababu ya uozo mpya pembeni mwake ilikuwa mara 3.5 zaidi kwa kompositi. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayonukuliwa sana, na wengi wanaoinukuu huishia hapo.

Tusiishie hapo. Katika utafiti huohuo, pengo kati ya dawa hizo mbili liliongezeka kadiri vijazo vilivyokuwa vikubwa na kugusa pande nyingi za jino. Kompositi husinyaa inapokauka, kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 3 hivi ya ujazo wake, na ikiwa nyingi ndani ya tundu lenye kuta kila upande, mvuto wake unaweza kuibandua kutoka ukingoni. Ndiyo maana huwekwa kwa tabaka za milimita 2. Sasa, kama ukubwa ndio unaoishinda, kupanua tundu ili "ishike vizuri" ni kuisukuma mahali ilipo dhaifu zaidi. Mimi nazisoma namba za Lisbon kama hoja ya kuchonga kidogo, na sioni namna nyingine ya kuzisoma ukishatazama ukubwa wa vijazo.

Halafu kuna swali la nani alizibwa. Uholanzi, utafiti wa Opdam na wenzake wa mwaka 2010 ulifuatilia vijazo vikubwa vya magego kwa miaka 12. Kwa wagonjwa wasio na hatari kubwa ya kuoza meno, kompositi ilidumu kuliko amalgamu. Kwa wenye hatari kubwa, amalgamu ilishinda. Mdomo unaopata soda na biskuti kutwa nzima utaishinda kompositi, hata ichongwe na nani. Tena, hesabu hizi zinahesabu vijazo. Hazihesabu kiasi cha jino kilichobaki kijazo kinaposhindwa, wakati gego linaloishia kung'olewa aghalabu limepita mikononi mwa madaktari mara kadhaa, na kila mara tundu limeongezeka kidogo. Kompositi ndogo iliyovuja upande mmoja inaweza kukatwa upande huo tu na kuongezewa.

Hata hivyo, vijazo 14 au 15 kati ya 100 kushindwa ndani ya miaka saba si jambo dogo kwa mtu aliyelipa mfukoni na kupanda basi asubuhi kufuata hospitali ya wilaya. Hapo wanaolaumu wana haki ya kusikilizwa. Gundi inayoiunganisha kompositi na jino hushika vizuri sana kwenye enameli. Kwenye dentini hudhoofika kadiri miaka inavyopita, kwa kuwa maji na vimeng'enya hula nyuzi ilizoshikilia. Mate yakigusa uso uliokwisha kupakwa asidi, kazi imeharibika. Shuka la mpira la kutenga jino na mate lilibuniwa na Sanford Barnum mwaka 1864, lakini vituo ambako haliko, au ambako mashine ya kufyonza mate haifanyi kazi, si vya kutafutwa kwa tochi. Daktari aliyezoea hali hiyo akisema amalgamu ilimvumilia, anasema kweli.

Lakini amalgamu inaondoka. Umoja wa Ulaya uliacha kuitumia kuanzia Januari 1, 2025, isipokuwa kwa mahitaji maalumu ya kitabibu, na nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki zimeweka mwaka 2034 kuwa ukomo wake. Kwa hiyo anayetaka turudi kwenye matundu ya Black anatutaka tuchonge kwa ajili ya dawa ambayo haitakuwepo.

Jambo linalowatia watu hofu zaidi ni uozo unaoachwa makusudi. Tundu likiwa limekaribia kiini cha jino, penye neva na mishipa ya damu, makubaliano ya wataalamu wa kimataifa yaliyochapishwa mwaka 2016 yanaelekeza dentini laini ya chini kabisa iachwe, mradi kingo zote ziwe ngumu na safi. Kuikwangua yote ni kujitafutia kutoboa kiini, na hapo mgonjwa anaingia kwenye matibabu ya mzizi au kung'olewa. Marekani, timu ya Mertz-Fairhurst iliziba uozo chini ya kompositi na kuufuatilia kwa miaka 10, hadi ripoti yao ya mwaka 1998. Uozo uliofungiwa haukuendelea, kwa sababu bakteria walikosa chakula.

Na hili la kuchonga kidogo lisiitwe mtindo wa kigeni. Katikati ya miaka ya 1980, Jo Frencken na wenzake katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuziba meno kwa vifaa vya mkono tu, bila umeme, wakiondoa uozo laini na kuacha jino zima lilivyo. Njia hiyo, inayojulikana duniani kwa herufi ART (kifupi cha jina lake la Kiingereza), baadaye ilijengwa juu ya saruji ya meno iitwayo glasi-ionoma, ambayo huvumilia unyevu kuliko kompositi na hutoa floraidi. Dawa ni tofauti, ila msimamo kuhusu kiasi cha kukata ni uleule.

Saruji hiyo ndiyo jibu la mahali ambapo wakosoaji wako sahihi kabisa: tundu la kati ya jino na jino lililoshuka chini ya fizi, ambako enameli imekwisha na damu haikauki. Kuchonga zaidi pale hakuongezi chochote. Sakafu iwekwe glasi-ionoma, kompositi ikae juu yake, na kama hata hilo haliwezekani siku hiyo, gego lote lizibwe kwa glasi-ionoma na mgonjwa aambiwe wazi kwamba atarudi. Kwa wagonjwa wa Arusha na maeneo mengine ambako maji yana floraidi nyingi, enameli iliyoathirika sana huikataa asidi ya muda wa kawaida. Inahitaji kukwaruzwa juujuu au kuachiwa asidi muda mrefu zaidi kabla ya gundi.