Ziara za kuogelea Unguja: saa ya dereva na saa ya maji

Miongoni mwa ziara zinazouzwa sana kwa wageni wa Unguja ni ile ya siku moja inayokusanya sehemu kadhaa za asili za kuogelea: asubuhi bwawa la kasa Nungwi, mchana pango la maji Jambiani au Paje, alasiri viti vya pweza (wanyama wa baharini wenye umbo la nyota) Michamvi, na ikiwezekana fungu la mchanga kabla ya jua kuzama. Wapo wanaoitetea na wapo wanaoilaumu, na pande zote mbili hubishana juu ya wingi wa vituo. Nionavyo mimi, wingi huo ni jambo la pili, kwa kuwa kinachoamua kama siku itafaa au itaharibika ni kupwa na kujaa kwa maji, ambako hakumo katika ratiba ya muuzaji.

Hoja za watetezi si nyepesi. Mgeni mwenye siku tatu kisiwani hawezi kutenga siku nzima kwa kila pango, na wanne wakichangia gari moja hulipa kidogo kuliko kila mmoja kukodi lake. Zaidi ya hayo, mapango yenyewe hayako kwenye ufuo wa hoteli bali ndani, katika ardhi ya mawe ambayo watalii wasingekuwa na sababu ya kuifika, na gari linaposimama huko huacha fedha kidogo kwa mlinzi, kwa mwongozaji na kwa muuza madafu.

Hata hivyo bahari ya Unguja haimsubiri dereva. Wakati wa bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita nne, na kupwa huko huangukia karibu na saa nne asubuhi, saa ileile ambayo magari mengi ya ziara huwa njiani. Pwani ya mashariki, kuanzia Michamvi hadi Makunduchi, bahari iliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe haina kina, kwa hiyo anayefika hapo asubuhi ya bamvua hukuta mchanga mtupu na akina mama wakishughulikia mwani wao, huku maji yakiwa yamerudi mbali kuelekea mwamba. Wiki moja baadaye, katika maji mafu, hali hugeuka: asubuhi maji hujaa, ingawa si kwa nguvu, na alasiri hupwa. Kwa kuwa kila siku kujaa huchelewa kwa takriban dakika 50, ratiba moja isiyobadilika haiwezi kufaa mwezi mzima, na mzee yeyote wa pwani anayehesabu tarehe za mwezi angeweza kumwambia mgeni hivyo bila kutazama jedwali lolote. Nungwi na Kendwa ni tofauti, kwa sababu huko kina huanza karibu na ufuo na watu huogelea karibu saa zote.

Mapango nayo yana mashaka ya aina yake. Jiwe la kusini na mashariki ya Unguja ni chokaa ya matumbawe ya zamani, ambayo maji ya mvua yameitafuna kwa maelfu ya miaka hadi kufanya mashimo. Maji yaliyomo ni ya mvua iliyochujika humo, mara nyingi yakikutana chini kwa chini na maji ya chumvi. Ufuo husafishwa na bahari mara mbili kila siku, lakini pango halina msafishaji kama huyo, kwa hiyo mafuta ya kujikinga na jua yanayoletwa na wageni 40 mchana mmoja hayana pa kwenda haraka. Palau, nchi ya visiwa katika Pasifiki, ilipiga marufuku baadhi ya mafuta hayo mwaka 2020, na Hawaii ikafuata mwaka 2021, zote zikilenga kuyalinda matumbawe ya bahari iliyo wazi. Sembuse shimo lenye ukubwa wa ua wa nyumba. Ipo pia heshima. Baadhi ya mapango ya kusini yalikuwa visima vya vijiji, na mengine bado ni mahali pa mizimu ambapo watu huacha ubani na vitambaa. Mgeni anayepewa nusu saa hapo, kwa vile gari linawahi kituo kingine, huelezwa kina cha maji na mahali pa kupigia picha tu.

Kuhusu wanyama, lawama ni za haki. Bwawa la Mnarani, Nungwi, lilianzishwa na wanakijiji mwaka 1993 ili kuwahifadhi kasa, na kuwatazama kasa si kosa. Shida huanza pale mabwawa ya aina hiyo yanapogeuzwa mahali pa kuogelea pamoja nao, kuwalisha mwani kwa mkono na kuwashika. Viti vya pweza huinuliwa nje ya maji kwa ajili ya picha, na jambo hilo halina utetezi.

Lakini wakosoaji wanaotaka ziara za siku moja ziachwe kabisa husahau Fumba, kusini-magharibi mwa Unguja. Kutoka huko vyombo huingia Ghuba ya Menai, iliyotengwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1997, na siku za bamvua watu hufikia fungu la mchanga maji yakiwa yamepwa, kisha alasiri, bahari inapojaa, huogelea katika ghuba ndogo ya mikoko ya kisiwa cha Kwale. Kupwa kulekule kunakokausha Jambiani ndiko kunakolifichua fungu. Hiyo nayo ni ziara ya siku moja yenye vituo zaidi ya kimoja, ila nahodha hana namna ya kuidanganya bahari, kwa hiyo huipanga kwa kuifuata.

Kwa hiyo ninaunga mkono ziara inayoshika pwani moja na kufuata maji ya siku moja, na ninaipinga ile inayomvusha mtu kutoka Nungwi hadi Jambiani, safari ya takriban saa mbili barabarani, kisha kumwogesha kwa dakika 30. Siku ambayo bahari ya mashariki imepwa, pango moja la karibu lingetosha kwa asubuhi nzima, na ufuo ungengoja jioni. Kikwazo ni kwamba ziara huuzwa kwa orodha ya majina ya mahali, na mgeni huwa ameshalipia vyote vinne kabla mtu hajamuuliza atakuja tarehe ngapi ya mwezi. Dereva anayeruka kituo kimoja kwa sababu ya maji hudaiwa na mteja aliyeahidiwa vinne, hata kama cha nne ni mchanga mkavu.