Jaji wa rufaa atoke wapi: Mahakama Kuu au uwakilini?

Kila nafasi za Mahakama ya Rufaa zinapotangazwa, swali hurudi katika korti za Mombasa: apandishwe jaji wa Mahakama Kuu, au achukuliwe wakili?

Katiba ya 2010, kifungu cha 166, inaruhusu yote mawili. Inadai miaka 10 ya ujaji katika mahakama za juu, au miaka 10 ya uwakili au usomi wa sheria wenye sifa, au kuchanganya. Jaji wa rufaa Patrick Kiage alitoka uwakilini mwaka 2012. Marehemu James Otieno-Odek, naye jaji wa rufaa, alikuwa profesa wa sheria.

Wanaotetea uwakili wana hoja nzito. Jaji wa rufaa haoni mashahidi. Husoma kumbukumbu ya rufaa, yaani maandishi ya kesi ilivyosikizwa chini, akasikiliza mawakili pamoja na wenzake wawili, kisha akaandika. Aliyezoea kuandaa sababu za rufaa huiona haraka hoja yenye uzito.

Hata hivyo, rufaa ya kwanza hupima ushahidi upya, na hapo ndipo ninapoegemea upande wa Mahakama Kuu. Shahidi wa kesi ya mauaji ya Likoni akisema mshtakiwa alisimama “pale penye mnazi”, kumbukumbu huandika maneno; haiandiki mkono ulielekea wapi. Aliyewahi kusikiza kesi hizo hulijua pengo hilo.

Ila kupandishwa kwake kuna gharama, na anayeilipa ni mwenye kesi. Jaji akihama, kesi alizozisikiza nusu hubaki. Katika kesi ya mauaji, vifungu vya 200 na 201 vya Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai vinamlazimu jaji mpya kumweleza mshtakiwa kwamba ana haki ya kudai mashahidi waitwe tena. Akisahau, hukumu yaweza kubatilishwa kwenye rufaa. Akikumbuka, shahidi baharia huenda keshaondoka na meli yake.

Kuchelewa kuteua huzidisha madhara. Kati ya majina 41 ya majaji yaliyopendekezwa na Tume ya Huduma za Mahakama mwaka 2019, 34 yaliteuliwa na Rais Juni 2021. Sita kati ya saba waliobaki waliachwa hadi Septemba 2022, wanne kati yao wakiwa majaji wa Mahakama Kuu waliokuwa waende Rufaa. Jaji asiyejua atahama lini hupangaje kesi ya mashahidi 20? Tume ya Huduma za Mahakama ingeomba orodha ya kesi zilizosikizwa nusu kabla ya mahojiano, na jaji asipangiwe kesi mpya za mashahidi tangu siku anapopendekezwa.