Hiyo asilimia 90 imepatikanaje?

Mwandishi, kwenye makala yako umesema mtafiti wa ndoa, Profesa John Gottman, akiwatazama mume na mke wakibishana dakika 15 tu, anajua kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90 kama wataachana. Hapo umetupiga chenga. Maabara yake kule Seattle, Marekani, ilirekodi wanandoa kwa video, ikapima mapigo ya moyo, ikahesabu hata mtu anavyobinua mdomo kwa dharau. Kazi kubwa, sibishi. Ila fomula zake nyingi za kubashiri talaka ziliundwa baada ya kujulikana nani kaachana, na hiyo ni kubashiri mechi ya jana. Mwaka 2001 watafiti Heyman na Slep walionyesha kuwa fomula ya aina hiyo ikipelekwa kwa watu wengine, usahihi unaporomoka.

Mimi namwamini zaidi Samantha Joel, mtafiti wa mahusiano. Mwaka 2017 yeye na wenzake waliwajazisha watu dodoso la sifa zaidi ya 100, kisha wakawakutanisha wawili wawili kwa dakika 4. Kompyuta ilibashiri kiasi fulani nani hupendwa na wengi. Nani atampenda nani hasa? Ikatoka kapa!

Kinachopimika ni ukaribu uliopo tayari. Mwanasaikolojia Arthur Aron na wenzake (1992) walitumia picha 7 za duara mbili, wewe na mwenzako, kuanzia zilizotengana hadi zilizokaribia kufunikana; unachagua moja. Basi. Sasa hizi programu za kutafuta wachumba zinazotuandikia "mnaendana asilimia kadhaa" kabla hata hatujasalimiana, zimepima nini? Ungewauliza hao, mwandishi.