Genova Inawaenzi Mahamali Wake, Mombasa Je?

Watu wa nyumbani Mombasa wakisikia naishi Genova, mji wa bandari wa Italia, huniuliza habari za Christopher Columbus na majumba ya matajiri. Columbus kweli ni mtoto wa hapa. Majumba nayo yapo: Via Garibaldi imejaa kasri za karne ya 16, na mwaka 2006 UNESCO ilizitia kwenye urithi wa dunia, miaka mitano kabla ya Fort Jesus yetu. Lakini miaka niliyokaa hapa imenithibitishia kwamba mji huu umesimama juu ya migongo ya watu wa bandarini. Nao wenyewe hawalifichi hilo, ndiyo maana nimeupenda.

Genova imebanwa kati ya mlima na bahari. Hakuna tambarare pana ya kulima, na nyumba zimepandana mpaka baadhi ya mitaa hufikiwa kwa lifti za umma. Tangu zamani riziki yao ilikuwa ije kwa chombo au isije kabisa. Mnara wa taa, Lanterna, ulijengwa mara ya kwanza mwaka 1128, na huu unaoonekana leo, wenye mita 77, ni wa mwaka 1543. Jamhuri yao ilipigana na Venezia miaka nenda miaka rudi, na mwaka 1407 wakaanzisha Benki ya San Giorgio. Jumba la benki hiyo, la mwaka 1260, bado lipo mbele ya bandari ya zamani. Wenyeji husema ndimo alimofungwa Marco Polo, msafiri wa Venezia, alipotekwa vitani, na akiwa kifungoni Genova alimsimulia mfungwa mwenzake safari zake, ikiwemo habari ya Zanzibar ambayo hakuwahi kuikanyaga. Pwani yetu ilisimuliwa humu ndani na mtu aliyeisikia kwa wengine tu, miaka mia saba iliyopita. Kila nikipita pale hulikumbuka.

Sasa nije kwa mahamali. Hapa huitwa camalli, na chama chao cha kwanza kilikuwa na kanuni za maandishi tangu mwaka 1340. Mimi namtunza mzee mmoja aliyekuwa camallo maisha yake yote. Anaishi orofa ya sita, mji wa kale, kwenye kichochoro chembamba ambacho ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili, na lifti hakuna. Ukutani jikoni ametundika kulabu yake ya chuma yenye mpini wa mti, ile waliyokuwa wakiichomeka kwenye gunia la kahawa kabla ya kulipandisha begani. Mpini umelika, umeacha alama za vidole vyake. Wajukuu wakija huionyesha kama mtu anavyoonyesha nishani.

Ana haki ya kujivuna. Desemba 1900 serikali ilipovunja chama cha wafanyakazi wa Genova, bandari nzima ilisimama, na baada ya wiki chache waziri mkuu akaanguka. Aprili 1945 Genova ilijikomboa yenyewe: jeshi la Wajerumani lilisalimu amri kwa wapiganaji wa msituni na wafanyakazi wa mji, kabla majeshi ya Uingereza na Marekani hayajafika. Tarehe 30 Juni 1960 chama cha warithi wa Mussolini kilitaka kufanya mkutano wake mkuu mji huu huu. Mzee wangu alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, akashuka uwanja wa Piazza De Ferrari na wenzake kuupinga. Mkutano haukufanyika, na mwezi uliofuata serikali iliyokuwa ikiegemea chama hicho ikajiuzulu.

Msidhani ni mambo ya kale tu. Mei 2019 iliingia meli ya Saudia, Bahri Yanbu, na mahamali wakakataa kuipakia jenereta ambazo walisema zinakwenda kutumika katika vita vya Yemen. Meli iliondoka bila mzigo huo. Siku ile nililia. Mtu wa Mji wa Kale wa Mombasa hahitaji kuelezwa Yemen ni wapi. Nusu ya majirani zetu wana jamaa Hadhramaut. Na hawa watu wa Genova, ambao hawana hata shemeji kule, waliweka ujira wao rehani kwa ajili ya watoto wa Kiyemeni.

Chama chao cha leo, Compagnia Unica, ni cha mwaka 1946 na ni mali ya wafanyakazi wenyewe. Kiongozi wao humchagua wao. Siku isipokuwa na kazi ya kutosha, asiyeitwa hulipwa fidia ya kutoitwa. Nilipoelezwa jambo hili mara ya kwanza nilimfikiria babangu. Yeye alikuwa kibarua wa kampuni moja ya kupakua mizigo Kilindini. Alfajiri husimama getini na wenzake, msimamizi anachagua kwa kidole: wewe, wewe, wewe. Asiyechaguliwa hurudi Majengo kwa miguu, na mamangu hujua kwa mwendo wake tu kwamba leo ni chai kavu. Leo mgongo wake haunyooki, na hana senti ya uzeeni kutoka kwa yeyote aliyemfaidi.

Wala si kwamba watu wetu hawakuwa na ujasiri. Januari 1947 Mombasa ilifungwa. Makuli wa bandari, watu wa reli, wapishi na madobi, kama watu 15,000, waligoma karibu wiki mbili. Mikutano yao ilikuwa Majengo, kwenye uwanja waliouita Kiwanja cha Maskini. Chege Kibachia akawaongoza, na kabla ya mwaka kwisha mkoloni alimkamata na kumpeleka uhamishoni Kabarnet. Mishahara ilipandishwa kwa sababu ya watu wale. Nimekulia mtaa huo huo na sikufundishwa habari hii shuleni hata siku moja. Nimeijua nikiwa mtu mzima, huku Ulaya.

Genova nayo ina maradhi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuwa na watu zaidi ya 800,000. Leo ni kama 560,000, na wengi ni wazee. Makontena yaliwapunguza mahamali kutoka maelfu hadi takriban elfu moja. Mzee wangu ana pensheni, ana heshima, lakini kuna juma zima linapita asibishiwe hodi na mtu ila mimi. Jirani wa mlango wa pili hamjui jina. Babangu hana pensheni, lakini kibaraza chake hakikauki watu tangu magharibi mpaka usiku, na kahawa hainunui yeye. Hilo Genova haiwezi kumpa, na usiku wa baridi ndilo linalonifanya nitake kurudi.

Hata hivyo sikubali kwamba ujirani wetu uwe sababu ya kuwanyima watu haki yao. Mwaka 2019 lilipotoka agizo kwamba mizigo ya bara ipande treni ya SGR, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, kwa lazima, watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Madereva na makanika, mpaka mama ntilie wa barabara ya Mariakani, waliona riziki inahamishwa mbele ya macho yao. Agizo lilifutwa mwaka 2022. Yatakuja mengine, na mji usiojua kwamba ulishawahi kusimama mwaka 1947 utaanza upya kila mara.

Nataka jina la Kiwanja cha Maskini liandikwe mahali pake, Majengo, na mgomo ule ufundishwe madarasani. Kabla ya hayo, kuna kazi isiyongoja serikali. Wazee waliobeba magunia Kilindini kabla ya makontena bado wapo, wachache. Mwenye simu amwendee mzee wa mtaani kwake, amuulize alikuwa anabeba nini, kwa shilingi ngapi, nani alimwonea, nani alimsimamia, na arekodi mpaka mwisho. Babangu amekubali kuwa wa kwanza. Mpwa wangu ataanza naye Ijumaa baada ya swala.